Toledo kwa siku moja: treni pandeni wenyewe, mwongozaji mkutane naye mjini

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni muuguzi, naishi Tanga. Mwezi wa Julai nakwenda Madrid kwenye mkutano wa kikazi, na mamamkwe wangu tutakuwa pamoja. Mkutano unakwisha Jumapili na ndege yetu ni Jumanne, kwa hiyo Jumatatu tuko huru kutwa nzima. Wakala ameniletea safari ya basi yenye mwongozaji: Toledo na Segovia, miji miwili ya kale kwa siku moja, kuondoka asubuhi na kurudi usiku. Mama ana miaka 67, magoti yanamsumbua na anatembelea mkongojo. Nilipe, au twende wenyewe? Na je, kwa sisi Waislamu kuna cha kutazama huko zaidi ya makanisa?

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu, na mama mfikishie shikamoo yangu.

Hiyo safari ya miji miwili usiilipie. Nendeni Toledo peke yake, nendeni kwa treni, tiketi mkate wenyewe, halafu mwongozaji mkutane naye hukohuko mjini kwa saa mbili na nusu tu. Hilo ndilo jibu. Nitalieleza kwa urefu kwa sababu swali lako la mwisho limenigusa. Nimekaa Madrid miaka mingi nikiwapangia wageni safari, na watu wetu wengi huniuliza swali hilo kwa sauti ya chini, kana kwamba wanaomba radhi. Hakuna cha kuombea radhi. Toledo ni mji ambao mtu anayejua Kiswahili huingia tayari ana nusu ya funguo mkononi.

Kwanza barabara. Toledo iko kusini mwa Madrid, kama kilomita 70. Segovia iko kaskazini-magharibi, ng'ambo ya milima ya Guadarrama, kama kilomita 90. Basi litawapeleka kusini, litarudi mpaka Madrid, litaipita, litapanda milima, na jioni litashuka tena. Jumla ni zaidi ya kilomita 300, saa nne au zaidi za kukaa kitini. Toa saa ya chakula, toa dakika za kuhesabiwa kila mnaposhuka na kila mnapopanda, toa foleni ya choo. Kinachobaki Toledo ni saa tatu hivi, mara nyingi pungufu. Segovia ni mji mzuri, mfereji wake wa maji uliojengwa na Warumi unasimama kwa matao 167 na pale uwanjani una kimo cha mita 28. Unastahili siku yake wenyewe. Siku hiyo ninyi hamna.

Mimi mwenyewe nimepanda basi la namna hiyo, kabla sijaanza kazi hii. Tulikuwa watu zaidi ya arobaini. Mwongozaji aliijua kazi yake, lakini ilimbidi aseme kila jambo mara mbili, Kihispania kisha Kiingereza, na tuliokuwa nyuma tuliambulia maneno mawili matatu. Kituo cha kwanza hakikuwa kasri wala lango, kilikuwa duka la panga na mapambo nje ya ukuta wa mji, na tulikaa humo dakika arobaini. Kanisa kuu tulilitazama kwa nje tu. Kiingilio hakikuwemo kwenye bei, na hilo lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndogo ukurasa wa pili. Kulikuwa na bibi mmoja mwenye mkongojo. Kundi halikuweza kumngoja, basi wakamwachia kiti mlangoni pa duka la vinyago, akakaa pale mpaka tuliporudi. Nilipoisoma barua yako nilimwona yeye.

Usije ukadhani nasema mwongozaji hana maana. Toledo bila mtu wa kukusimulia ni mawe, milango iliyofungwa na vichochoro vinavyozunguka mpaka urudi ulikotoka. Hapa palikuwa mji mkuu wa wafalme wa Wavisigothi, watu waliotawala Hispania baada ya Warumi, kisha Waislamu wakapatawala tangu mwanzo wa karne ya 8 mpaka mwaka 1085, mfalme Alfonso wa Sita wa Castilla alipouchukua. Kila aliyekuja alijenga juu ya aliyemtangulia au alilitwaa jengo lake na kulibadilisha jina. Macho peke yake hayatoshi kuyaona hayo. Inatakiwa mtu wa kukusimamisha mahali, akunyooshee kidole na kusema, lile tofali pale, litazame vizuri.

Na hapo ndipo Kiswahili chenu kitakapowasaidia kuliko Kiingereza cha mwongozaji. Uwanja mkuu wa mji unaitwa Zocodover. Jina hilo limetokana na Kiarabu, suq ad-dawabb, soko la wanyama wa mizigo: suq ndilo soko letu. Jengo kubwa la minara minne lililo juu yake linaitwa Alcázar, yaani al-qasr, kasri. Meya wa mji ni alcalde, naye ni al-qadi, kadhi wetu, ila huku kazi ilibadilika na jina likabaki. Mwambie mama asikilize watu wanavyoagana: hasta mañana, mpaka kesho. Hiyo hasta ni hatta ya Kiarabu, ndiyo hiyohiyo tunayosema hata. Sukari ni azúcar. Zeituni ni aceituna. Mtu aliyetekwa na kushikwa mpaka kitu kilipwe anaitwa rehén, na anayejua maana ya kuweka mali rehani ameshaelewa neno lilikotoka. Maneno hayo yaliwafikia wao kupitia bahari yao na yakatufikia sisi kupitia yetu. Nimewaona wazee wetu wakichangamka kwa hilo kuliko kwa dhahabu yote ya kanisani.

Wewe ni muuguzi, kwa hiyo kuna jambo moja ambalo nakuomba umuulize mwongozaji hata kama hakulitaja: habari za watafsiri. Katika karne ya 12 mji huu ulikuwa na vitabu vya Kiarabu ambavyo Ulaya haikuwa navyo kwa Kilatini. Mwitalia mmoja, Gerard wa Cremona, alikuja kutafuta kitabu kimoja tu cha elimu ya nyota, Almagesti cha Ptolemaios, ambacho tafsiri yake aliimaliza mwaka 1175. Lakini alipoviona vilivyokuwepo hakuondoka. Alitafsiri vitabu zaidi ya sabini, na kimojawapo ni Kanuni ya Tiba cha Ibn Sina, kilichokuja kufundishiwa udaktari katika vyuo vya Ulaya kwa karne kadhaa. Mara nyingi kazi ilifanywa na watu wawili waliokaa pamoja. Mmoja, aghalabu Myahudi au Mkristo aliyekulia kwenye Kiarabu, alisoma kitabu na kukitamka kwa lugha ya mtaani. Wa pili, padri, aliyasikiliza na kuyaandika kwa Kilatini. Hakuna jengo moja ambalo watakuonyesha na kusema kazi ilifanyika humu. Ilifanyika katika mji.

Sasa namna ya kumpata mwongozaji. Toledo ni makao makuu ya jimbo la Castilla-La Mancha, na jimbo hilo lina waongozaji rasmi wenye kibali na kitambulisho cha kuvaa. Ziko njia tatu. Ya kwanza ni matembezi ya kundi ya saa mbili hivi, kila mtu analipa chake, na mengi yanaanzia Zocodover asubuhi. Ya pili ni yale yanayotangazwa kuwa ya bure. Hayo mwongozaji hulipwa kwa bakshishi za mwishoni, na ndiyo riziki yake, kwa hiyo ukiyachukua usiondoke mikono mitupu. Makundi yake huwa makubwa na mwendo wake ni wa vijana, mama hatauweza. Njia ya tatu ni mwongozaji wenu wenyewe, anayelipwa kwa kundi na si kwa kichwa. Kwa watu wawili ni ghali, sifichi. Lakini kwenye mkutano wa siku kadhaa hamtakosa wenzenu wawili watatu ambao nao wana Jumatatu tupu. Mkichanga watu watano, inakaribia bei ya kundi, na mwendo mnaupanga ninyi.

Kabla ya kulipa muulize kwa ujumbe mambo manne. Je, kiingilio cha kanisa kuu kimo kwenye bei? Je, atapita duka lolote, na mtakaa humo dakika ngapi? Je, yuko tayari kutembea na mzee mwenye mkongojo, kwa kupumzika kila robo saa? Na je, anaweza kuwaonyesha sanamu ya alfaquí ndani ya kanisa kuu? Swali hilo la mwisho ndilo mtihani. Anayejibu mara moja ni mtu wa kwenda naye.

Nikueleze ni kitu gani. Alfonso alipouchukua mji alikubaliana na Waislamu kwamba msikiti mkuu utabaki wao. Vitabu vya kale vya historia vinasimulia kwamba mfalme alipotoka safarini, malkia Constance na askofu mkuu Bernardo waliuvamia msikiti usiku na kuugeuza kanisa. Mfalme akarudi mbio akiwa amewaka hasira, anaapa kuwaadhibu wote wawili. Aliyetoka nje ya mji kumlaki alikuwa fakihi wa Waislamu, yaani mwanachuoni wa sheria, Abu Walid, na alichomwomba ni msamaha kwa wale waliowadhulumu, kwa kuwa alijua hasira ya mfalme ikipita, kisasi kitawaangukia watu wake. Msikiti haukurudi. Ulikuja kuvunjwa, na mwaka 1226 ukawekwa msingi wa kanisa kuu lililopo, lililojengwa kwa zaidi ya miaka 260, mpaka 1493. Lakini ndani, kwenye sehemu takatifu kuliko zote, karibu na madhabahu kuu, wakaweka sanamu ya fakihi huyo. Jina lake huko ni alfaquí, al-faqih. Watu maelfu hupita wakiangalia dhahabu bila kujua kwamba aliyesimama pale juu ni Mwislamu. Kwa hiyo ingieni kanisa kuu. Wala hijabu haina tatizo lolote, huku wanachokataza ni mabega na mapaja wazi.

Jumatatu ina kasoro yake, ni vizuri mkaijua mapema. Siku hiyo makumbusho ya serikali yamefungwa: sinagogi la El Tránsito ambalo ndani yake mna Makumbusho ya Wayahudi wa Hispania, Makumbusho ya mchoraji El Greco, na Makumbusho ya Jeshi yaliyo ndani ya Alcázar. La Tránsito litaniuma kwa niaba yenu, maana kuta zake zina maandishi ya Kiebrania na ya Kiarabu pamoja. Lakini kanisa kuu liko wazi, na majengo saba yanayoingiwa kwa bangili moja ya watalii nayo huwa wazi. Bangili hiyo mnainunua kwenye jengo lolote kati ya hayo saba na kuivaa mkononi kutwa. Angalieni saa za siku hiyo kwenye tovuti zao wiki moja kabla, kwa sababu sherehe na ibada hubadilisha ratiba.

Katika hayo saba, kwa siku yenu nachagua matatu, mengine yaacheni.

La kwanza ni Santa María la Blanca. Lilikuwa sinagogi, limejengwa mwishoni mwa karne ya 12 au mwanzoni mwa ya 13, likawa kanisa karne ya 15. Mkiingia mtadhani mmeingia msikitini: safu za nguzo nyeupe za pembe nane, na juu yake matao yenye umbo la kwato ya farasi, meupe tupu. Wayahudi ndio waliotaka lijengwe, chini ya mfalme Mkristo, na mafundi walijenga kwa mkono waliojifunza kwa Waislamu. Hapo mama apate kiti, mkae kimya dakika kumi. Wayahudi walifukuzwa Hispania nzima mwaka 1492, na Waislamu wa Castilla miaka kumi baadaye wakaambiwa wabatizwe au waondoke. Mwongozaji mzuri hatalikwepa hilo.

La pili ni kanisa dogo la Santo Tomé, kwa ajili ya picha moja tu. Aliichora El Greco, Mgiriki wa kisiwa cha Krete aliyefika Toledo mwaka 1577 na kubaki mpaka alipofariki 1614, na bado akisaini kazi zake kwa herufi za Kigiriki. Picha ni maziko ya bwana wa Orgaz, urefu wake karibu mita tano. Msihangaike na mbingu iliyo juu. Tazameni chini kushoto: mtoto wa kiume anaonyesha kidole, na mfukoni mwake kinachungulia kitambaa. Juu ya kitambaa mchoraji ameweka saini yake na mwaka 1578. Huyo mtoto ni wake, na huo ni mwaka aliozaliwa.

La tatu nitalieleza mwishoni, kwa sababu ndilo la mwisho kulifikia na saa hiyo mwongozaji atakuwa ameshaondoka.

Magoti ya mama. Toledo imekaa juu ya kilima cha mwamba, mto Tajo umeuzunguka pande tatu, na ndani hakuna tambarare ya kusema. Njia ni za mawe madogo ya mviringo, yanateleza. Avae raba zenye soli ya kushika, kandambili haitakiwi kabisa. Zipo ngazi za umeme za kuwapandisha watu kutoka nje ya ukuta, zile za Recaredo zilizofunguliwa mwaka 2000 na nyingine upande wa Safont karibu na stendi ya mabasi, lakini mwenye mkongojo simshauri azitegemee. Stesheni iko chini, ng'ambo ya mto. Pandeni teksi hadi Zocodover, ni mwendo mfupi na si pesa nyingi. Lipo pia basi la mji. Kutoka Zocodover hadi kanisa kuu kuna njia iitwayo Calle Comercio, ambayo haina mwinuko mkali, na kutoka kanisa kuu mnateremka polepole kuelekea Santo Tomé na mtaa wa zamani wa Wayahudi. Mtihani ni kurudi juu. Hapo msijikaze, iteni teksi.

Kuna pia kigari cha watalii kama treni ndogo ya matairi, kinachozunguka nje ya mji na kupita Mirador del Valle, ng'ambo ya mto. Wengine wanakidharau. Mimi kwa mzee wa magoti nakipenda sana, maana pale Mirador ndipo mji wote unaonekana kwa mara moja, kanisa kuu katikati, kasri kulia, na mto chini kwenye korongo lake. Atauona bila kupanda ngazi hata moja.

Joto sasa, na hili wewe utalielewa kitaalamu. Julai huku nyuzi 35 ni kawaida, na siku nyingine zinapita 40. Si joto la Tanga. Ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, na mtu anaishiwa maji mwilini huku akijiona mzima. Jambo jingine ni kwamba saa za Hispania ziko mbele ya jua: mwezi wa Julai adhuhuri huingia kama saa nane na dakika ishirini mchana, na jua linazama karibu saa nne kasorobo usiku. Kwa hiyo ukali wenyewe unakuja saa kumi na moja jioni, wakati sisi tumezoea kuona jua limeanza kulegea. Tembeeni asubuhi. Kuanzia saa saba na nusu mpaka saa kumi kaeni ndani, penye feni au kiyoyozi, kama wenyeji wanavyofanya. Kila mtu na chupa yake ya maji, na mama asingoje kiu.

Treni ni ya mwendo kasi, inaitwa Avant, na inachukua kama dakika 35 tu. Nauli kwa mtu mmoja kwenda haifiki euro 20. Kateni tiketi ya kwenda na ya kurudi mapema, kwenye tovuti ya Renfe, shirika la reli la Hispania, kwa sababu viti vina hesabu na asubuhi za kiangazi vinakwisha. Wataomba jina na namba ya pasipoti, kwa hiyo siku ya safari pasipoti ziwe mkobani. Inaondokea Puerta de Atocha. Angalieni, stesheni ya Atocha ina pande mbili, na upande wa treni za vitongoji siyo. Mizigo inapitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, fikeni nusu saa kabla. Na saa za tiketi zisomwe kama zilivyo: 09:20 ni saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Nacheka nalo, lakini nimeshampoteza mgeni mmoja kwa kosa la saa sita. Mkifika Toledo msikimbilie teksi. Stesheni yenyewe, ya mwaka 1919, imejengwa kwa matofali na matao ya mtindo wa Kiandalusi, na mwanga unaingia kwa vioo vya rangi. Mama akae humo dakika tano.

Chakula nitakisema kwa kifupi. Nguruwe yumo kwenye vingi, hata kwenye mboga na supu, kwa hiyo semeni sin cerdo, sin jamón, yaani bila nguruwe, bila paja la nguruwe. Tortilla ya mayai na viazi mtaipenda, ni ndugu wa chipsi mayai. Pisto ni nyanya, vitunguu, pilipili hoho na mumunye vilivyopikwa taratibu kwa mafuta ya zeituni, mara nyingi yai juu yake. Samaki wapo. Cha kupeleka nyumbani ni mazapán ya Toledo, lozi zilizosagwa na sukari. Masista wa baadhi ya nyumba za watawa bado wanaitengeneza. Biskuti nyingine za dukani ndizo za kuogopa, kwani zina manteca, na hiyo ni mafuta ya nguruwe. Someni karatasi ya nyuma.

Na mapambo ya dhahabu juu ya chuma cheusi, damasquinado, ukiyapenda nunua kwa fundi ambaye unamwona akifanya kazi. Chuma hukwaruzwa mikwaruzo myembamba, kisha uzi wa dhahabu unalazwa na kugongwa kwa nyundo ndogo mpaka ushike. Kazi ya mkono, ukiisogeza kwenye mwanga, mistari yake inapishana kidogo. Iliyonyooka kama karatasi ya hesabu imetoka kwenye mashine.

Sasa lile la tatu. Mkishapumzika na kuzunguka na kigari, saa kumi na moja na nusu hivi muwe Zocodover. Kutoka hapo ni mteremko tu kuelekea lango la Puerta del Sol, na pembeni yake kuna kijengo cha matofali ambacho wengi wanakipita. Kinaitwa Cristo de la Luz. Zamani ulikuwa msikiti wa mtaa, karibu na lango la Bab al-Mardum. Katika majira ya joto hufungwa kabla ya saa moja jioni, msichelewe. Sasa ni mahali pa kutazama, hapasaliwi, kwa hiyo alasiri iwe imeshapangwa.

Ni kidogo, kila upande kama mita nane. Katikati nguzo nne, na vichwa vyake havifanani kwa sababu vilitolewa kwenye majengo ya kale zaidi, ya Wavisigothi. Nguzo hizo zinagawa dari kuwa vyumba tisa, na kila kimoja kina kuba yake ndogo. Mama anyanyue macho taratibu, akiwa ameegemea mkongojo wake, apite kuba moja baada ya nyingine. Mbavu za matofali zinapishana kwa namna tisa, hakuna kuba mbili zilizo sawa. Sehemu ya mbele yenye picha iliongezwa karne ya 12 msikiti ulipofanywa kanisa.

Kisha tokeni nje, msimame upande wa barabara, mtazame juu kabisa ya ukuta. Mstari wa matofali yaliyojitokeza si pambo, ni maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yanaanza kulia kwa Bismillahi. Yanasema kwamba Ahmad bin Hadidi aliusimamisha msikiti huu kwa mali yake, akitaraji malipo kwa Mwenyezi Mungu, na kwamba ulikamilika kwa msaada wa Mungu mikononi mwa Musa bin Ali, mjenzi, na Saada, mwezi wa Muharram mwaka 390. Kwa hesabu ya Miladi ni mwishoni mwa 999 au mwanzoni mwa 1000. Maandishi ya Kikufi ya msikiti wa Kizimkazi kule Unguja yana mwaka 500 wa Hijria, kwa hiyo haya yameutangulia kwa miaka 110.

Kikufi cha matofali ni kigumu, mama hatayasoma yote. Mwonyeshe Bismillahi kwa kidole, halafu yeye mwenyewe alitafute jina la Ahmad.